Glavu za Khalati

Kazi ya usaidizi katika maabara ya damu niliipata kwa mkono wa jirani yetu wa Mji wa Kale, fundi wa maabara niliyemwita khalati, kama mama mdogo, tangu utotoni. Nilipokea sampuli, nikafuta meza, nikapeleka mifuko ya damu wodini. Na nilimwandikia. "Niandikia, mwanangu, mimi nina glavu," husema, nami naandika daftarini: mfuko umetoka saa ngapi, umerudi saa ngapi. Aliusifu mwandiko wangu mbele ya watu, "Khati nzuri hii," na mimi, mjinga, nikavimba kichwa.

Sheria ya mfuko haina mjadala. Ukikaa nje ya jokofu zaidi ya nusu saa haurudi ndani, unatupwa.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja niajiriwe kabisa, na mamangu alikwishaanza kuwatangazia majirani. Asubuhi moja chumba cha upasuaji kilirudisha mfuko ambao haukutumika. Nilitazama saa, nikamwambia khalati umekaa nje dakika hamsini.

"Andika ishirini," alisema. "Damu ya kundi hili haipatikani, mwanangu. Tutaitupaje?"

Nikaandika. Hilo silifichi, kalamu niliishika mimi. Lakini nilimwamini kuliko nilivyoiamini saa ya ukutani.

Mchana mkuu wa maabara alilinganisha daftari letu na la upasuaji, akautoa mfuko ule kabla haujamfikia mgonjwa. Alituita sote wawili. Nilinyamaza makusudi, nikimpa khalati nafasi aseme mwenyewe. Alisimama ubavuni pangu, ananukia asumini kama siku zote.

"Mimi sijui," akasema. "Tazamani khati ni ya nani."

Hakunitazama hata kidogo. Khati ilikuwa yangu, na wiki hiyo hiyo nikaachishwa kazi.

Siku niliyorudisha koti la kazi, nilimkuta msaidizi mpya ameketi kwenye kiti changu, kalamu mkononi. Khalati alikuwa amesimama nyuma yake.

"Niandikia, mwanangu, mimi nina glavu."

Nilitazama meza. Ilikuwa kavu, nimeifuta mwenyewe mara elfu, naijua. Hapakuwa na mfuko wala sampuli, ila daftari tu. Miaka miwili mizima nilidhani glavu zile alizivaa kwa ajili ya damu.