Baba Wawili wa Mama yake Kukhu

Hata leo nikisikia punje za mahindi zikigonga karai, namkumbuka kukhu, nyanya yetu, siku aliyosimamisha mikono katikati ya kupukuchua. Tulikuwa nje ya jikoni, hapa kwetu Kitale.

"Mama yangu alinizaa kwa shamba la mzungu, akafa kabla hajanionyesha kwao," akasema. "Nataka kukanyaga kwa wajomba zangu, hata mara moja, kabla miguu haijakataa."

Mimi niliishia darasa la nane, lakini majina nasoma vizuri. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Tayari nilishaona wajomba wakimkimbilia getini.

Kwa kanisa moja la zamani upande wa Bungoma, ambako kukhu alisikia mama yake alibatizwa, karani alinifungulia kitabu cha ubatizo. Nikampata mama yake kukhu, na baba yake: mtu wa Bumula. Nilitabasamu hadi karani akacheka. Kisha akafungua kitabu cha ndoa. Mwanamke yuleyule, baba mwingine kabisa, nyapara wa shamba huko Kiminini.

"Ati alizaliwa na wanaume wawili?"

"Mtoto aliyekuja bila mzazi aliandikwa kwa aliyemsimamia ubatizo," karani akasema. "Na huko mashambani, nyapara aliandikisha watu kama watoto wake ndio wapewe nyumba."

"Sasa wa kweli ni yupi?"

"Pengine mmoja wao. Pengine hakuna."

Nilichagua kufuata kitabu cha ubatizo, nikafika Bumula kichwa kikiwa kizito. Katika boma la yule mtu wa ubatizo nilimkuta mke wa mwanawe, mama mzee sana.

"Baba mkwe alisimamia watoto wengi," akasema. "Wote wakirudi kama wewe, bana, tutalala wapi?"

Tulicheka. Lakini alinipikia, na nilipoaga akakata marando ya viazi vitamu ya kupanda, akanifungia kwa kamba ya mgomba. "Kama wewe ni wetu, sawa. Kama sio, si pia utakula?"

Nyumbani, kukhu aliuliza kabla sijaketi. "Umewapata?"

"Sijui, kukhu."

Nilimweleza, nikarudia, mwishowe nikachanganya mwenyewe nani alisimamia na nani aliandikisha. Alivunja jani moja la yale marando, akalinusa.

"Huyo mama alikupa bila kuombwa?"

"Bila."

Akarudi kwa mahindi yake. Hakusema ni kwao, hakusema si kwao.

Asubuhi, kabla hajaamka, nilichukua jembe nikainua tuta kando ya mlango wake, mahali ambapo miguu yake bado inafika, nikayapanda yote hapo.