Waya Uliopanda Ngazi

Habari niliipata mlangoni mwa msikiti, viatu bado viko mkononi: jirani yangu wa uchochoro wa nyuma ya Ndia Kuu, aliyestaafu ukarani wa bandarini, amefariki asubuhi na atazikwa baada ya swala ya alasiri. Nikasema tusemavyo sote, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha nikakaa barazani. Nimezika wengi miaka hii, na nakiri nimechoka. Lakini huyu amenikaa moyoni kwa sababu ya hiyo saa ya alasiri, kwani ndiyo tuliyokuwa tukiitumia kuhangaika na kompyuta yake.

Binti yake wa pekee alikwenda ng'ambo kusomea uuguzi, akapata mchumba huko, Mwislamu mwenye adabu zake ila hana mzee wa kumtuma Mombasa. Kijana akaleta posa mwenyewe, kwa simu. Watu wa mji huu mnajua posa inavyokwenda: wazee huja, hukaribishwa, huzungusha maneno mpaka kahawa ipoe, ndipo wataje kilichowaleta. Jirani yangu alisikiliza kidogo tu. "Binti yangu haposwi kwa waya," akasema, akakata simu. Kadhi wa huko alipowaoza, baba akaapa hataiweka tena simu sikioni kwa ajili ya binti yule. Akahamia ghorofa ya juu. Simu ikabaki chini kwa dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea mtoto baada ya mama yake kufa, na jina la binti likawa halitajwi nyumbani mle.

Baadaye msafiri mmoja akaleta kompyuta mpya ya kupakata, zawadi ya binti. Nilidhani mzee ataikataa. Badala yake akaniita mimi, kwa kuwa gazetini ninakoandika tuna kompyuta, na kwake hilo lilitosha kunifanya fundi.

"Niliapa sitasema naye kwa simu," akaniambia bila kunitazama. "Kuandika sikuapa. Nitengezee nimwandikie hiyo barua pepe. Umri ushanitupa mkono."

Nilimkuta ameiweka dirishani, kifuniko kimeelekea baharini, kwa kuwa redio yake hushika vyema pale. "Si imefanywa ya kuchukulika?" akauliza. "Ya nini tena waya?" Nikamweleza: "Ami, huenda siku moja zikashika hewani, lakini hii yetu mtandao wake hupitia kwenye simu." Mwisho alikubali, na tukavuta waya kutoka kwenye simu ya dada yake, ukapanda ngazi hadi mezani pake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mzee akitoka kuswali alasiri hufungua mashine, modemu hulia na kukoroma, tukaunganishwa, na kabla hajamaliza salamu mambo yakakatika. Tulibadilisha waya. Tuliizima tukaiwasha. Tuliilaumu chumvi ya bahari, ambayo hapa kisiwani husingiziwa kila kitu. Nikachoka, nikamleta fundi, mtu wa bara anayetengeneza kompyuta za wenye malori kule Shimanzi. Naye akahangaika, kisha akauliza, "Mzee, kuna mtu anainua simu ya chini saa hizi?"

"Hakuna. Dadangu yuwapumzika."

Fundi akaifunga mashine, akatuambia tusubiri. Haikupita muda simu ikalia chini, na sauti ya dada yake, Bi Mkubwa, ikapanda ngazi.

"Waalaikumu salamu, mwanangu. Jana nimengoja hata nimechoka. Nikiinua simu nisikize kama i hai, yalia kama mafuta ya bajia. Babako hajambo, ni kifua tu. Yuko juu na kompyuta yako."

Hatukuhitaji kuelezwa. Binti alikuwa akimpigia shangazi yake kila alasiri, kwa siri. Sisi tukiishika laini, simu yake haipiti; shangazi akiiinua kuona imekufaje, anatukata sisi. Ndugu wawili, nyumba moja, walikuwa wakimtafuta mtoto mmoja kwa waya mmoja na kuzuiana njia.

"Sasa ni rahisi," fundi akanong'ona. "Mwambie asiguse simu."

"Nani amwambie?" mzee akauliza. Angewezaje kumkataza dada yake mkubwa bila kukiri amesikia?

"Basi tumia asubuhi."

"Nitatumia," akasema. "Kesho."

Kesho hiyo haikufika. Alichofanya ni kukisogeza kiti chake mpaka juu ya ngazi, na kila alasiri nilimkuta hapo na gazeti ambalo hageuzi ukurasa, akisikiliza nusu ya mazungumzo. Nilimwambia, "Ami, kiapo kina kafara yake. Lisha maskini, ushuke." Akajibu kwamba analijua hilo, na atashuka inshallah, kifua kikimpa nafasi. Kompyuta ikafunikwa kitambaa.

Kila uchao tunaahidiwa mashine mpya zitakazotuleta karibu, na mimi hulipwa kuziandikia sifa. Siku hizi kalamu yangu huwa nzito ninapofika kwenye neno hilo, karibu.

Baada ya maziko nilimwendea Bi Mkubwa kumpa pole. Alinipokea mlangoni, macho makavu, amechoka kuliko mimi. Nikamuuliza kwa woga kama alijua kuwa ndugu yake alikuwa akisikiliza.

"Kwani wadhani sikujua?" akasema. "Kiti chake chalia kwenye mbao za dari. Ndiyo maana nilikuwa nikisema kwa sauti. Na mtoto kule, kila akipiga, neno lake la kwanza ni hilo: shangazi, babangu yuko pale ngazini? Namwambia yuko. Husema, basi tuseme."

Nilitazama ule waya, bado umegongelewa misumari ukutani, ukipanda kipago kwa kipago hadi juu. Wenzangu, nami nikiwamo, tumezoea kutafuta ubovu kwenye laini. Ikiwa baina yako na mtu wako pamebaki ngazi tu, shuka leo, hata kama kifua chabana.