Toroli Lisilouliza Njia

Nanyama, fundi wa umeme mjini Kitale, haamini jambo lolote mpaka aliweke ndani ya kisanduku na kulichorea mshale. Siku moja, akisafiri kwenda kwao Bokoli, alimwachia mumewe, Nehemiah, mchoro wa kupika uji: maji, mshale, unga, mshale, koroga. Nehemiah alikoroga unga kwenye maji baridi kwa nusu saa, maana mchoro haukuwa na moto.

Basi mzee Munene wa Endebess, aliyechoka kuinama, alipomwomba mashine ya kulisha ng'ombe wake sita, Nanyama aligeuza karatasi ya kalenda akachora visanduku vitatu: saa, mota, toroli.

"Saa inaamuru mota," alieleza. "Toroli litatembea sekunde nane, lisimame, limwage chakula kwenye hori, litembee tena. Mara sita, kisha lizime."

Ciru, mke wa Munene, aliangalia mchoro kwa muda.

"Na likipita hori, litajuaje?"

"Halijui, mama. Halihitaji kujua. Linatii tu."

"Mimi nimeishi miaka thelathini na mtu anayetembea bila kuuliza," Ciru alisema. "Hupotea."

Munene alijifanya anatazama dirisha.

Kwa wiki tatu toroli lilifanya kazi vizuri. Kisha wanawake wa kanisa wakaja kuliona, na Munene, bila kumwambia mtu, akatoa betri iliyochoka akafunga mpya. Toroli likaondoka mbio. Sekunde zilikuwa zilezile nane, lakini mwendo haukuwa ule. Mlo wa kwanza ulimwagika kati ya hori mbili. Wa tatu ulianguka mlangoni. Wa nne uliishia nje, kwenye mapaja ya Wakonyo, mwenyekiti wa kikundi chao, aliyevaa gauni jipya. Ng'ombe aliyefungwa karibu alinyoosha shingo akaanza kula.

"Munene! Si ulisema italisha ng'ombe?" Wakonyo alipiga kelele.

"Si analishwa, bana! Imekosea mahali tu."

Mlo wa tano uliingia kwenye sufuria ya chai.

Nanyama alifika mchana huo. Alikagua mota, magurudumu na saa, asione kasoro. Akaketi juu ya ndoo, masikio yakimwaka kwa aibu, kwa kuwa mashine ilikuwa imefanya kila alichokichora. Ndipo alipoona betri inayong'aa.

"Mzee, hii imetoka wapi?"

"Ile ingine ilikuwa imechoka. Nikaona wageni waone kitu iko na nguvu."

Nanyama alifungua kinywa amgombeze, lakini Ciru alikuwa ameshatandaza ile kalenda na kuweka kidole juu yake.

"Mishale yote inaenda," alisema. "Hakuna hata mmoja wa kurudi kusema tumefika."

Fundi aliuinamia mchoro. Chuoni aliwahi kufundishwa jambo hilo kwa muhula mzima, na hapa mama mwenye matope miguuni amelisema kwa pumzi moja. Akachora mshale wa kurudi. Kisha, huku Ciru akimshikia spana, akafunga kigingi kwenye kila hori na swichi ubavuni mwa toroli, ili likigusa kigingi lisimame. Wakalijaribu kwa betri mpya, kwa betri kuukuu, na hata Munene akiwa amekaa juu yake. Kila mara lilisimama mahali pake.

Wakonyo alikuja kushuhudia, safari hii na gauni la shambani, akasimama mbali nyuma ya ua. Mlo wa sita ulipoingia kwenye hori ya sita, alisogea.

"Nitengenezee moja ya kuku wangu."

Nanyama akatoa kalamu. "Kuku hao hula wapi?"

"Popote. Kwangu, kwa jirani, barabarani. Wengine hata sijui hulala wapi."

Nanyama akafunika kalamu.

"Basi, mama, hao endelea kuwarushia kwa mkono."