Kutu Nyekundu kwenye Sime za Nyambureti

Nakumbuka siku moja iliyonigharimu ndama jike, siku nne za kazi na nusu kilo ya chumvi. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na jibu ni lile lile. Lakini ukiniuliza leo, nitakwambia nilipata kwa bei ya chee.

Nilikuwa kijana, mchuuzi pale Nyamisangura: leo majembe, kesho magunia, keshokutwa chochote ambacho mwenyewe hajui thamani yake. Mwalimu mmoja wa historia, Mwalimu Zuhura, aliyehamishiwa kutoka Lindi hadi shule moja ya Nyambureti, alikuwa anaandaa chumba cha kuwaonyesha watoto vitu vya mababu. Akaniagiza sime tatu. Alisema waziwazi kwamba mpya zinafaa, mradi zifanane kabisa na zile walizovaa wazee. Malipo yangekuwa mbuzi, mchango wa wazazi.

Mimi mbuzi nikamwona mdogo. Nikamwambia mwalimu nimepata za kale zenyewe, na mbuzi akageuka ndama. Kumbe mhunzi alinifulia zote tatu kwa springi ya lori, nami nikazifukia wiki nzima ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya chumvi na mkojo wa ng'ombe. Zilitoka na kutu nyekundu, hata mimi nilikaribia kuziamkia shikamoo.

Ndama nilikuwa nimeshamchukua wazazi walipoanza kunong'ona. Wakasema hakuna sime itakayotundikwa ukutani mpaka Mzee Wambura, aliyevaa sime tangu ujana wake, aziangalie. Zikionekana si za kale, mwalimu atalipa ndama kwa mshahara wake, maana ndiye aliyewahakikishia. Na mshahara wa mwalimu unaujua.

Siku ya kuziangalia, wazazi walijaa darasani. Mzee alipokea shikamoo yangu, akaniambia nimbebee sime nje penye mwanga. Tukabaki wawili. Alijifunga moja kiunoni, akachuchumaa kama wachungaji wanavyochuchumaa. Ncha ya ala ikagonga ardhi, mpini ukamchoma mbavuni. Akauliza kama aliyeivaa alichunga akiwa amesimama mwaka mzima. Kisha akapitisha kidole kwenye kutu na kuuliza zilikuwa za nani. Nikajibu ni za koo mbalimbali, na hiyo aliyoshika ilikuwa ya babu yangu.

"Babu yako alikuwa mvivu?"

Nikasema hapana, mzee.

"Sime ya mwanamume ilipakwa mafuta ya ng'ombe. Akifa, aliyeirithi anaendelea kupaka. Kutu ya namna hii, mura, kijana wangu, maana yake haikuwa na mwenyewe, au mwenyewe hakuwa mtu. Sasa chagua wa kuaibika, babu yako au wewe."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia ukutani. Nikamweleza yote, hadi chumvi. Hakunigombeza. Aliomba kikombe cha maji, akaketi kwenye ngazi, akasema yeye hunywa polepole, kwa hiyo nitangulie ndani.

Nikatangulia. Nikawaambia wazazi kwamba sime ni mpya, kwamba nimemdanganya mwalimu, na kwamba ndama atarudi kesho. Mwalimu Zuhura hakuniangalia. Alisema tu, "Afadhali umesema wewe."

Ndipo mzee akaingia, akifuta midomo, akauliza kama kijana ameshaeleza. "Basi amesema kweli. Bapa liko sawa. Urefu umezidi vidole vinne. Kutu itoke."

Kwa siku nne nilikata, nikasugua kwa mchanga, nikapaka mafuta, nikashona ala upya. Mbuzi sikumdai, hata mimi nina aibu. Mwalimu aliandika chini ya sime hizo kwamba ni mpya, zimefuliwa kwa mfano wa zile za zamani, na watoto wakazishika bila woga. Yule mzee angeweza kunianika mbele ya kijiji kizima, nami nisingeuza hata sindano tena. Alinipa muda wa kikombe kimoja cha maji, na ndio muda ninaoishi nao mpaka leo. Namshukuru.

Mwanangu, siku hizi mnatengeneza sime za kuwauzia wageni wanaokwenda mbugani. Si kosa, na kizuri chajiuza. Ila ukisema ni mpya, iwe mpya. Ukisema inafanana na ya wazee, ifanane kweli. Jiulize aliyeivaa aliketi vipi, alikimbia vipi, aliitunza vipi. Ukikosea kwa kutojua, utarekebishwa. Ukikosea kwa kusudi, unawasingizia watu ambao hawawezi tena kujibu.

Mungu akupe mkono wenye kazi, wateja wenye macho, na mtu wa kukuvuta pembeni kabla ya kukusema.

Nami nina ombi. Ala za majirani zetu Waikoma sizijui vizuri; nimeambiwa maneno mawili yanayopingana kuhusu ngozi waliyotumia. Kama kwenu kuna bibi au babu anayekumbuka, muulize wiki hii, kisha uje unifundishe.