Siku Niliyomficha Mama Chumbani

Nilipohamishiwa shule moja ya Lindi mjini, nilipanga chumba mtaa wa Mtanda, kwenye nyumba ya mama mjane aliyekaa chumba cha mbele. Vyumba vyote vilifungukia uani, na kutoka uani kulikuwa na mlango mmoja tu wa kwenda barabarani. Alinipa sharti kabla sijashusha godoro.

"Mwalimu, hapa halali mgeni. Awe ndugu, awe rafiki."

Nilikubali. Nilikuwa nimezunguka siku nne natafuta chumba, nimechoka.

Mwezi wangu wa tatu pale, mama yangu akaja kutoka Kilangala kutolewa mtoto wa jicho. Hospitali walimfunga bandeji, wakamtaka arudi kesho yake asubuhi. Kumrudisha kijijini siku ileile ya kupasuliwa isingewezekana, na mjini hapo hakuwa na mwingine ila mimi. Nikamwingiza chumbani adhuhuri, mwenye nyumba akiwa dukani. Nikafunga dirisha.

"Mama, usitoke. Na ukitaka kukohoa, jizibe na kanga."

Maneno hayo nilimwambia mama yangu mzazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Mwenye nyumba aliporudi alitandika mkeka mbele kabisa ya mlango wangu, akaanza kupepeta mchele. Ndani joto lilikuwa halivumiliki. Jasho lilimtiririka mama hadi nikaogopa litaingia kwenye bandeji. Kila ungo ulipotulia, nasi tulizuia pumzi. Alasiri ilipoadhiniwa akaninong'oneza kwamba anataka kwenda msalani. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua. Nikamsogezea ndoo yangu ya kufulia.

Aliitazama kwa lile jicho moja lisilofungwa.

"Nimezaa watoto sita," akasema, wala hakunong'ona tena. "Sijawahi kujificha kwenda chooni."

Akavaa kandambili, akafungua mlango.

"Asalaam aleikum, dada. Choo kiko upande gani?"

"Waaleikum salaam," mwenye nyumba akajibu, akamwonyesha kwa kidevu. Mama alipoingia chooni, mwenye nyumba akanigeukia mimi.

"Mwalimu, umenidanganya ndani ya nyumba yangu."

"Ni mama yangu."

"Aliyekuwa chumba hicho kabla yako alisema ni binamu yake. Binamu akakaa miezi minne, akaondoka na televisheni yangu."

Hatukuelewana, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mimi nikiwa na karatasi ya mkataba. Aliisoma mara mbili.

"Humu hakuna neno juu ya mgeni kulala," akamwambia mwenye nyumba. "Ukishapangisha chumba, mpangaji ana haki ya kulaza mzazi wake siku mbili tatu. Na wewe mwalimu, ulipaswa kumwambia, si kumficha."

"Sawa," mwenye nyumba akasema. "Ila mkataba ukiisha, ahame."

Mwenyekiti akasema hiyo nayo ni haki yake.

Mama alilala kwangu siku mbili. Bandeji ilitolewa, akaona vizuri. Mwenye nyumba alimletea uji asubuhi zote mbili, wakaongea habari za mikorosho kama watu waliojuana zamani. Mimi hakunisemesha. Nilipomsindikiza mama stendi, aliniuliza, "Nikija tena kliniki, nitafikia wapi?"

"Kwangu," nikasema, bila kujua ni wapi.

Mkataba ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Kila nilipotoka na kila niliporudi ilinibidi nipite mbele ya mwenye nyumba, hakukuwa na njia nyingine. "Shikamoo, mama." "Marahaba," bila kuinua macho. Jioni nilikuwa nazunguka kutafuta chumba kingine. Wenye nyumba wote waliniuliza swali lilelile kwanza: unaishi na nani? Nami, kwa kuogopa kukosa mahali pa kulala, nikawa najibu kwamba niko peke yangu, sina mtu wa kunitembelea.