Kompyuta ya Mwalimu Milka

Dorah Boke alizaliwa karibu na Kegonga, kwa wazazi waliolima mahindi na tumbaku, lakini watu wa Rodi Kopany humwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na ameshazoea. Ana miaka arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini Homa Bay. Kompyuta ya ofisi ilipoharibika, aliitwa fundi kutoka Kisumu, na Dorah aliambiwa ainuke ampishe kiti. Aliinuka, lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya fundi akitazama mikono yake, na fundi akishaondoka, aliandika kila alichokiona.

Wakili alipozeeka na kufunga ofisi, Dorah hakutafuta kazi nyingine ya kupiga chapa. Alikodisha chumba Rodi Kopany, kati ya duka la mbegu na kinyozi, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu kwamba anatengeneza kompyuta. Wiki ya kwanza mwanamume mmoja aliingia na kuuliza fundi yuko wapi.

"Unaongea naye," Dorah alimwambia. Yule mtu aligeuka akatoka. Siku hizi hurudi mara kwa mara, printa yake ikikwama karatasi.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwendo wa saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja alishuka kwenye pikipiki amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso, kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa Mwalimu Milka, aliyetoka mbali, Macalder, anakofundisha watoto kumi na mmoja wasiosikia. Ndani ya leso kulikuwa na kompyuta kuukuu.

"Mama, wameniambia hii imekufa," alisema hata kabla hajaketi. "Fundi wa kule Migori alisema inahitaji kuwekwa mfumo mpya wa kuiendesha. Akaweka CD, ikaanza vizuri, halafu ikasema kuna faili haipatikani. Amejaribu siku mbili. Jana akaniambia diski imeisha, ninunue nyingine na hii nitupe."

"Na kwenye hiyo diski kuna nini?"

Milka akaeleza. Kulikuwa na mzee aliyeitwa Oyaro, asiyesikia tangu utotoni, aliyechekecha dhahabu Macalder maisha yake yote. Vitabu vya ishara vya shule havikuwa na ishara za mambo mengi ya pale: karai la kuchekechea, mchanga wenye dhahabu, shimo linalotaka kuporomoka. Oyaro alikuwa nazo, yeye na wenzake wachache. Kila Jumamosi kwa miaka mitatu, Milka alimrekodi. Video zilikuwa zaidi ya mia nne. Nakala aliyokuwa nayo kwenye flashi iliharibiwa na virusi, na mzee mwenyewe alifariki mwezi wa nane mwaka uliopita.

"Kwa hivyo ukiniambia nitupe..." Milka hakumaliza.

"Mimi sijasema," Dorah alijibu. "Kaa hapo, Mwalimu."

Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua kompyuta na kuchomoa ile diski. Aliifunga kwa gazeti, akaiweka juu kabisa kwenye rafu.

"Hii haiguswi mpaka nijue ugonjwa uko wapi," alisema. "Huyo fundi alikuwa anajaribu dawa juu ya mali yako. Mimi nitajaribu juu ya yangu."

Akachukua diski yake ya zamani, tupu, akaiunganisha. Kompyuta ile ilikuwa ya kale mno, haikukubali kuwashwa kwa flashi; ilitaka CD tu. Milka alikuwa amekuja na ile ile ya fundi. Dorah aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mikwaruzo. Akaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, akaiweka ndani.

Baada ya dakika ishirini skrini ilisimama. Faili fulani haikuweza kunakiliwa. Bonyeza Enter ujaribu tena. Dorah aliandika jina la ile faili kwenye karatasi. Akabonyeza. Hakuna kitu.

"Umeona?" Milka alisema kwa huzuni.

"Nimeona kitu kizuri," Dorah akasema. "Hii ni diski yangu na bado imekataa. Basi si diski yako iliyokufa."

Milka alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuegemea kiti.

Dorah alishuku CD. Akampigia simu Bashir, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Homa Bay, mtu wanayefahamiana tangu siku za ofisi ya wakili.

"Bashir, ile CD yako ya mfumo, si ya kunakili, ile ya kampuni, bado iko?"

"Iko, Mama. Tena haina hata alama ya kidole."

"Nitumie na mtu wa boda, nakuomba. Kuna mwalimu hapa ametoka Macalder."

CD ilifika kabla ya saa sita, imefungwa kwa karatasi mbili. Wakaanza upya. Wakanywa chai. Ilipofika karibu na pale pale, skrini ikasimama tena: faili haipatikani. Milka akafunika uso kwa viganja.

Dorah aliandika jina la faili chini ya lile la kwanza, akayatazama yote mawili. Hayakufanana. Akaanzisha tena kwa CD ile ile ya Bashir, bila kubadilisha kitu. Mara hii ilisimama mapema zaidi, kwenye faili nyingine, tofauti na zile mbili.

"Mwalimu, hebu njoo uone," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kama CD ingekuwa mbovu, ingejikwaa kwenye jiwe moja kila siku. Hii inajikwaa popote. Faili ikitoka kwenye CD haiendi moja kwa moja kwenye diski. Inapita kwanza kwenye memori. Pale pakiwa pabovu, faili inafika imevunjika, na kompyuta inasema haijaiona."

"Memori ni gani?"

Dorah alimwonyesha: vibao viwili vyembamba, kila kimoja urefu wa kidole, vyenye meno ya rangi ya dhahabu. "Una raba ya kufutia?"

Mwalimu hakosi raba. Dorah aliyasugua yale meno taratibu kama anayefuta kosa daftarini, akavirudisha vibao vyote viwili. Ikakataa. Akatoa kimoja, akaacha kingine. Ikakataa tena, sasa mwanzoni kabisa. Akavibadilisha: kilichokuwa ndani akakitoa, kilichokuwa nje akakiweka.

Asilimia kumi. Thelathini. Pale iliposimama mara ya kwanza, ikapita. Milka alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sitini. Tisini. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na skrini ikatulia ikimwomba mwenyewe aandike jina lake.

"Yaye!" Milka alipiga kelele, akaziba mdomo.

"Ngoja kwanza," Dorah alisema, maana kazi yenyewe ilikuwa bado. Akaishusha ile diski kutoka rafuni, akaifungua gazeti, akaiunganisha kama diski ya pili, ya kusomwa tu. Ilikuwa imegawanywa vyumba viwili vya kuhifadhia. Cha kwanza fundi wa Migori alikuwa amekifuta chote. Dorah akabonyeza cha pili.

Video zilijipanga zikajaza skrini, kila moja na tarehe yake.

Akafungua moja. Mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu aliinama, akatikisa mikono miwili kama anayezungusha karai majini, kisha akaokota kitu kisichoonekana kwa ncha ya kidole na kukiinua kwenye jua.

"Dhahabu," Milka alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka naye anacheka. "Hiyo ni dhahabu. Ero kamano, Mama. Asante sana."

Walinakili zote kwenye diski ya Dorah na kwenye flashi mbili mpya. Wakati zikinakiliwa, Dorah alitazama nyingine, akaona mzee anamaliza somo, anaigeukia kamera na kulipiga tumbo lake kwa kiganja mara mbili, uso umekunjamana.

"Na hii je? Ni ishara ya nini?"

Milka alitazama, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Hiyo si somo. Ananiuliza nitazima kamera lini, njaa inamuuma."

Walicheka wote wawili, kwa sauti kubwa, mpaka kinyozi wa jirani akaja na mashine yake mkononi kuuliza kuna nini.