Gauni la Dorcas na Mafundo Matano

Kanze wa Gona alikuwa mwoga, na hakuona haya kusema hivyo. Aliogopa nyoka, aliogopa mto Sabaki ukifurika, aliogopa askari wa Serikali waliokuja kuhesabu nyumba. Zaidi ya yote aliogopa kusema mbele za watu. Kwenye matanga ya mumewe, Lewa, shemeji zake walipogawana mifugo, alikaa kimya mpaka mifugo ikaisha. Alichoachiwa ni ng'ombe mtamba mmoja mwekundu ambaye hakuna aliyemtaka kwa kuwa alikuwa akichechemea. Kumbe mguu ulikuwa na mwiba tu. Kanze aliutoa, mtamba akanenepa, na mwaka wa tatu akashika mimba yake ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yote ya mama huyu.

Mwaka huo, miaka michache kabla ya Wagiriama kupigana na Serikali, binti yake aliposwa na Fondo, mwalimu wa misheni. Binti alikuwa amebatizwa jina la Dorcas. Padri wa kuwafungisha ndoa alikaa mbali na alipita upande wao mara mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo siku aliyoitaja ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja na siku moja. Kanze akasema moyoni kwamba mwanawe hataazima nguo ya kuolewa. Wake za shemeji zake walikuwa wamemcheka vya kutosha, na safari hii alitaka wakae kimya wao.

Akaenda Malindi, mwendo wa asubuhi nzima, mpaka dukani kwa Bhikhubhai, Mhindi aliyenunua ufuta na mahindi ya watu wa bara. Bhikhubhai alikuwa na cherehani, na mpwa wake Suresh ndiye aliyeshona. Wakapatana. Gauni jeupe la bafta, lenye lesi shingoni na mikono mirefu. Siku Kanze atakapolipokea, atamtoa yule mtamba. Ilikuwa bei kubwa mno, na kila mtu dukani aliijua, na Bhikhubhai naye aliijua kuliko wote.

Karatasi haikuandikwa. Kanze alifanya kama walivyofanya kwao: alitoa kamba mbili nyembamba za ukindu alizozifunga nyumbani jana yake jioni, mafundo thelathini katika kila moja. Moja akampa Suresh, nyingine akabaki nayo.

"Kila asubuhi unafungua moja," alimwambia. "La mwisho likifunguka, gauni liwe mkononi mwangu. Kesho yake ni harusi."

Suresh akaitundika kamba kwenye msumari karibu na cherehani. Bhikhubhai alikuwa amefanya biashara na Wagiriama miaka mingi na kamba za namna hiyo hazikuwa ngeni kwake. Akasema sawa.

Siku ya thelathini Kanze aliingia dukani akiwa na kamba isiyo na fundo hata moja. Gauni lilikuwa mezani, halina mikono. Suresh alimwangalia kwa mshangao, akamwonyesha msumari. Kwenye kamba ya dukani yalikuwa yamebaki mafundo matano.

"Mama, umewahi," alisema Suresh. "Bado siku tano."

Kanze aliyahesabu yale mafundo kwa kidole, kisha akayahesabu tena, na yalikuwa matano kila mara. Mtu mwingine angegomba papo hapo. Yeye wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amekosea mwenyewe. Kamba alizifunga jioni, macho yamechoka, huku anaongea na Dorcas; huenda hii ya dukani aliifunga thelathini na tano. Njia nzima ya kurudi alijitukana.

Dorcas aliolewa kesho yake katika gauni la kuazima la mke wa mpishi wa padri. Mikono ilimwishia kwenye viwiko na mgongoni palifungwa kwa pini. Wake za shemeji walikuja wote, wakaona wote. Kanze alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Siku ya nne baada ya harusi Suresh akaja kijijini na gauni limekunjwa ndani ya kitambaa. Lilikuwa zuri kweli. Alisema mjomba wake atatuma mtu kumchukua mtamba. Dorcas, aliyekuwa amekuja kumsalimu mamake, akalifunua na kulipima begani.

"Mayo, nilivae kidogo tu? Nione."

"Usilivae," Kanze alisema. "Liweke chini."

Hakujua kwa nini. Aliliogopa lile gauni kama mtu anavyoogopa kitu cha watu kilichosahauliwa nyumbani kwake. Alilikunja lilivyokuja, akalitia kwenye kapu na kulitundika darini. Mtu wa kumchukua mtamba alipokuja, hakumpa wala hakumkatalia. Alijifungia ndani hadi mtu yule akachoka akaondoka. Hicho ndicho alichokiweza.

Basi Bhikhubhai akashitaki. Askari alifika na maneno ya Mudir wa Malindi, hakimu wa Serikali: Kanze aje barazani pamoja na huyo mtamba, na gauni lije pia. Shemeji yake mkubwa, Dzombo, ndiye aliyemsindikiza, maana mwanamke hakwenda barazani peke yake. Njia nzima Dzombo alimpigia kelele ile ile.

"Mulamu, shemeji yangu, mpe Mhindi ng'ombe wake tuyamalize. Unajua mambo ya baraza? Wakikosa shahidi watasema kiraho."

Kiraho ni kiapo cha Wagiriama. Shoka hutiwa motoni mpaka liwe jekundu, kisha mganga hulipitisha kiganjani mwa anayeapa, mkweli haungui. Kanze aliwahi kumwona mzee mmoja aliyeungua, vidole vimejikunja havikunjuki tena. Aliufungua mkono wake akautazama, kisha akaufumba haraka.

Mudir alikuwa Mwarabu wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho yaliyochoka. Karani aliketi pembeni na buku lake. Mtamba alifungwa uani, na mlango ukiwa wazi Kanze aliweza kumwona mkia.

Bhikhubhai alisema kwanza, na alisema vizuri. Hakutukana mtu.

"Bwana Mudir, kamba ni yake, mafundo ni yake. Mimi nimeifuata kamba niliyopewa. Fundo la mwisho limefunguka, siku hiyo hiyo gauni limekwenda. Ikiwa amekosea kufunga, kosa hilo si la dukani."

Kamba zote mbili zikawekwa mezani, tupu. Hakuna aliyeweza kuziuliza lolote sasa. Mudir akamgeukia Kanze.

"Nawe mama, una shahidi kwamba ulifunga thelathini katika zote mbili?"

Kanze alitikisa kichwa. Dorcas alikuwapo alipozifunga, lakini Dorcas ni mwanawe.

"Basi itabidi kiapo," karani alisema bila kuinua macho. "Kila mtu kwa dini yake. Huyu Mgiriama, kwao kuna lile shoka."

Kanze aliuficha mkono ndani ya nguo. Bhikhubhai naye, lazima isemwe, alibadilika uso, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alitaka ng'ombe, si kiganja cha mtu. Akainama akamnong'oneza, "Mama, chukua gauni, mimi nichukue mtamba, twende zetu. Hakuna haja ya moto hapa." Dzombo akamkanyaga mguu akubali. Na Kanze alikuwa amekwisha kufungua kinywa akubali.

Lakini Mudir alikuwa hajamaliza. Alimwita Suresh aeleze alivyokuwa akiifungua ile kamba, na Suresh, kijana mkweli, akaeleza.

"Kila asubuhi nikikaa kwenye cherehani, kabla sijashona, nafungua fundo moja. Sikuruka hata mara moja."

Kanze akafunga kinywa. Kitu kilimgonga. Alipoanza kusema sauti ilimtoka nyembamba, karibu kupotea.

"Na asubuhi ambazo hukukaa kwenye cherehani?"

"Asubuhi gani?"

"Sijui. Ukiugua. Duka likifungwa."

Suresh alimtazama mjomba wake. "Duka lilifungwa kwa sikukuu yetu ya Diwali," alisema. "Hatukufanya kazi."

"Siku ngapi?" Mudir aliuliza.

"Tano, Bwana."

"Na mafundo?"

"Mafundo nafungua nikifanya kazi." Alisema hivyo kwa unyofu kabisa, kisha uso ukamsawajika pale pale.

"Sisi hufungua hata siku ya msiba," Kanze alisema. "Nilikuwa na homa siku mbili, jirani akanifungulia."

Bhikhubhai alijipiga paji la uso kwa kiganja, akamwambia mpwa wake maneno ya Kihindi ambayo hayakuhitaji kufasiriwa. Mudir alizisogeza zile kamba kando.

"Gauni limevaliwa?"

"Hapana, Bwana. Nililiogopa."

Mudir alilifunua, akaangalia mikunjo na pindo, akaona halina jasho wala vumbi. Akasema taratibu ili karani aandike. Kazi iliyoagizwa kwa siku maalumu, siku ikipita kabla ya kazi kuletwa, hiari ni ya mwagizaji. Akitaka atapokea na kutoa alichoahidi. Akitaka ataacha, na alichoahidi kitabaki chake, wala fundi hana neno juu yake. Angelivaa hata mara moja, ingekuwa ameliridhia. Hakulivaa.

"Hiari ni yako, mama," alimwambia. "Unapokea au unaacha?"

Hapo ndipo hofu ilipomshika kuliko hofu zote za siku zile, maana sasa hapakuwa na shoka wala hila ya mtu, palikuwa na yeye tu. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini kisha akangoja. Bhikhubhai alikuwa akimtazama.

"Mama, limekatwa kwa kipimo cha binti yako," alisema kwa upole. "Nani mwingine atalivaa? Na ufuta wako wa mwaka huu utauza wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Maduka yaliyonunua ufuta wa watu wa bara yalikuwa machache, na yote ya ndugu na rafiki zake. Kanze alilitazama gauni, ile lesi ya shingoni. Dorcas angependeza.

"Naliacha," alisema.

"Sema kwa sauti," karani alisema. "Sijasikia."

"Naliacha."

"Unasemaje?" karani aliuliza tena.

"Naliacha. Mtamba ni wangu."

Safari hii hata askari wa mlangoni aligeuka. Karani akaandika.

Nje jua lilikuwa kali. Kanze aliishika kamba ya mtamba kwa mikono miwili. Dzombo alimfuata nyuma akinung'unika, na walipofika mwisho wa mji hakuweza kujizuia.

"Umemfedhehesha Mhindi mbele ya Mudir. Wote watalisikia. Kesho chumvi utanunua kwa nani? Huogopi wewe?"

Kanze alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Naogopa, mulamu. Nitaogopa kesho na kesho kutwa. Lakini nitaogopa nikiwa na ng'ombe wangu."

Akamswaga mtamba mbele, wakashika njia ya bara.